Kuurudisha Mkono Kazini

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katika mikutano iliyopita tumesikia mazungumzo juu ya vyama vya akiba na mikopo, na juu ya ufugaji wa nyuki. Mwaka huu wanakamati walipoona ninavyoshika kikombe cha chai, waliniuliza kulikoni. Nilipowaeleza wakasema, hayo hayo ndiyo uje utuambie. Basi leo nitazungumza juu ya mkono uliopasuliwa kwa ajili ya saratani na kupunguzwa misuli, na namna unavyoweza kurudishwa kazini. Mwishoni nina hoja moja ya kuiweka mbele ya Chama.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili na barua. Ninayoyajua nimeyapata kwa kutibiwa mwenyewe, kwa kuwauliza walionitibu, na kwa kusoma.

UGONJWA NA UPASUAJI

Saratani iliyonipata huanzia katika nyama laini za mwili, yaani misuli, mafuta na nyuzi zinazoshikanisha viungo. Madaktari huiita sakoma. Si ugonjwa wa kawaida, lakini hauchagui umri. Kwangu ulianza kama uvimbe ndani ya msuli wa mbele wa mkono wa kulia, baina ya bega na kiwiko, msuli ule ambao vijana huukunja mbele ya kioo ili kuonyesha nguvu zao. Haukuuma. Ulikuwa ukikua tu. Hospitali walichukua kipande kidogo kwa sindano, kikapimwa, na jibu likaja.

Zamani dawa ya ugonjwa huu, ukiwa katika mkono au mguu, aghalabu ilikuwa kukikata kiungo chenyewe. Jambo mojawapo lililosaidia kubadili desturi hiyo ni utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1982 na Dkt. Steven Rosenberg na wenzake. Wagonjwa 43 waligawanywa kwa kura: 16 walikatwa viungo, na 27 waliondolewa uvimbe pamoja na nyama iliyouzunguka, kisha wakapigwa mionzi. Makundi hayo mawili hayakutofautiana katika muda wa kuishi. Siku hizi madaktari hutafuta kwanza njia ya kukiokoa kiungo, na kukikata kumebaki kwa wale ambao njia nyingine haipo.

Lakini kuokoa mkono kuna gharama yake. Mpasuaji hawezi kuukwangua uvimbe ukingoni na kuuacha msuli. Lazima akate katika nyama nzima inayouzunguka, ili asiache mbegu ya ugonjwa nyuma. Kwangu mimi msuli wote wa mbele uliondolewa. Nilirudi wodini nikiwa na mkono, lakini ulikuwa mkono usiokunjika.

MSULI UKIONDOLEWA

Yafaa jambo moja lisemwe wazi, maana wapo wanaouza mafuta ya kuchua na majani ya kunywa kwa ahadi ya uongo: msuli ulioondolewa wote hauoti tena. Kinachoweza kurudi ni kazi yake, na kazi hiyo hurudishwa na misuli jirani iliyobaki.

Kiwiko hukunjwa hasa na misuli mitatu. Wa kwanza ni huo wa mbele wenye vichwa viwili. Wa pili umelala chini yake, umeshikamana na mfupa. Hauonekani kwa nje, lakini ndio mtumishi mkuu wa kukunja kiwiko. Wa tatu huanzia juu kidogo ya kiwiko na kushuka upande wa kidole gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Wa kwanza ukiondolewa, hii miwili hubaki. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kati ya msuli wa kwanza na wa pili na kuihudumia yote miwili. Mpasuaji wangu aliutafuta mshipa huo na kuuacha mzima. Asingeweza kuuacha, mazungumzo yangu ya leo yangekuwa mengine.

Msuli ule wa kwanza ulikuwa pia na kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: kugeuza kiganja kitazame juu. Ndio unaokaza skrubu kwa bisibisi ya mkono wa kulia, na ndio unaogeuza kiganja tonge linapofikishwa mdomoni. Kazi hiyo ina msaidizi mdogo karibu na kiwiko, lakini nguvu zake ni chache.

Wapo wagonjwa ambao misuli iliyobaki haitoshi. Hao, wapasuaji wanaweza kuwahamishia mkononi msuli mpana wa mgongoni, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Msuli huo umezoea kuvuta mkono chini na nyuma, kama wa mtu anayepanda kamba. Katika makao yake mapya hauna budi ufundishwe kukunja kiwiko, na mwalimu wake ni mgonjwa mwenyewe, kwa kurudia mazoezi kila siku kwa miezi mingi.

KAZI YA KILA SIKU

Siku ya pili baada ya kupasuliwa alinijia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilidhani amekuja kunipa pole. Akaniambia, “Baba, fumba kiganja. Fumbua. Tena.” Siku zile za kwanza kazi ilikuwa hiyo tu: kufumba na kufumbua vidole, kuinua kifundo cha mkono, kupandisha na kushusha mabega, na kuulaza mkono juu ya mto ili uvimbe upungue. Kiwiko hakikuguswa mpaka mpasuaji aliposema kidonda kimeshika.

Kidonda kilipopona niliketishwa mezani, mkono mzima ukiwa umelala juu ya meza, kidole gumba kikitazama dari kama cha mtu aliyeshika kikombe. Chini ya mkono aliweka kitambaa kikavu, akaniambia nivute kiganja kuelekea kifuani, kitambaa kikiteleza. Wanafunzi wa Fizikia wataelewa upesi sababu yake. Mtu akikunja kiwiko mkono ukiwa umening’inia, msuli hulazimika kuinua uzito wote wa mkono. Mkono ukilala mezani, uzito hubebwa na meza, na msuli dhaifu hubakiwa na kazi ya kuvuta tu. Na kidole gumba kikielekea juu, ule msuli wa tatu hupata nafasi nzuri ya kusaidia. Ndiyo sababu hata leo nashika kikombe namna ile mliyoiona.

Maendeleo yalipimwa kwa kipimo kinachofanana na kipimapembe kilichomo katika mikebe yenu ya hisabati. Wiki ya sita kiwiko kilikunjika nyuzi 50 bila kusaidiwa. Mwezi wa tatu kilifika nyuzi 95, na mwisho wa mwaka nyuzi 130. Hapo ndipo nilipoelezwa jambo lililonituliza. Mwaka 1981 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walipima kiwiko cha watu wakifanya shughuli za kawaida za siku, wakaona kwamba nyingi hufanyika kati ya nyuzi 30 na nyuzi 130. Kiwiko kizima hukunjika zaidi ya hapo, lakini maisha ya kila siku hayaidai ziada hiyo mara kwa mara.

Baada ya kukunja ilikuja zamu ya uzito. Chupa ya nusu lita ikijazwa maji uzito wake ni kama nusu kilo. Ya lita moja ni kilo moja. Sikununua chuma hata kimoja. Niliinua mara kumi asubuhi, mara kumi mchana na mara kumi jioni. Kanuni niliyopewa ilikuwa hii: mkono ukivutika, endelea, ukichoma, au maumivu yakilala hadi kesho yake, punguza na useme.

Mionzi nayo ina habari yake. Nilipigwa mionzi wiki kadhaa, na ngozi ikawa kama iliyochomwa na jua. Hiyo ilipona. Lakini mionzi hufanya nyama kuwa ngumu polepole, na ugumu huo huweza kuendelea kuja miezi na hata miaka baada ya matibabu kwisha. Kwa hiyo mgonjwa hapaswi kuacha kunyoosha mkono kwa sababu tu amekabidhiwa cheti cha kumaliza mionzi.

Mapema kabisa mtaalamu yule aliniuliza, “Unataka mkono huu ukufanyie nini?” Nikamjibu: kutia sahihi, na kula ugali kwa mkono wa kulia. Akaandika katika kadi yangu maneno mawili, “sahihi” na “tonge”. Sahihi ilirudi katika wiki ya tatu, maana anayeandika huegemeza mkono mezani na kutumia zaidi vidole na kifundo. Tonge lilichukua miezi minne. Mnajua malezi yetu: mkono wa kushoto haushiki tonge, wala haumpi mzee kitu. Hakuna aliyenilaumu kwa kula kwa kijiko cha mkono wa kushoto, lakini sinia lilipowekwa mbele ya baba yangu na wajomba, mimi nilipakuliwa pembeni. Kwa ajili ya kurudi katika sinia lile niliinua chupa za maji siku ambazo sikutaka kuinua kitu chochote.

AKINA MAMA WA CHUMBA KILE

Katika chumba cha mazoezi mara nyingi nilikuwa mwanamume peke yangu. Wengine walikuwa akina mama waliopasuliwa saratani ya matiti. Ndugu zangu, hawa ni wake zetu, dada zetu na mama zetu, na huu ni miongoni mwa ugonjwa wa saratani unaowapata wanawake wengi nchini mwetu. Kwa hiyo habari ya mkono inaingia katika nyumba nyingi kuliko tunavyofikiri.

Mwaka 1882 Dkt. William Halsted wa Marekani alianza kufanya upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Upasuaji huo ulitawala kwa miaka mingi. Msuli mkubwa wa kifua ndio unaoleta mkono mbele na kuupitisha kifuani. Mtu asiye nao hupata taabu kusukuma, kutwanga na kufua. Mwaka 1948 David Patey wa London alieleza namna ya kupasua bila kuuondoa msuli huo mkubwa. Kisha mwaka 1971 Dkt. Bernard Fisher na wenzake wa Marekani walianza utafiti wa wanawake 1,665, na taarifa ya miaka 25 ya utafiti huo ilipotoka mwaka 2002 ilionyesha kwamba upasuaji ule mkubwa haukurefusha maisha kuliko upasuaji mdogo zaidi. Siku hizi misuli ya kifua kwa kawaida huachwa, isipokuwa pale ugonjwa ulipokwisha shikamana nayo.

Hata hivyo mkono bado hupata shida. Kovu hukaza, bega hukakamaa, na tezi za kwapani zikiondolewa maji ya mwili hukosa njia na mkono huweza kuvimba. Akina mama wale hawakulalamikia urembo. Walisema: sifikii kamba ya kuanikia nguo; siwezi kufunga kilemba; siwezi kumtupa mtoto mgongoni. Mazoezi yao yalikuwa kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo ya alama ya jana, na kuvuta kamba iliyopitishwa juu ya boriti, mkono mzima ukimsaidia mgonjwa. Mwaka 2021 ilitolewa taarifa ya utafiti wa Uingereza katika hospitali 17, wenye wanawake 392 walioonekana kuwa katika hatari ya kupata shida ya bega. Waliopata mtaalamu wa kuwaongoza katika mazoezi, kuanzia siku ya 7 hadi ya 10 baada ya upasuaji, walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa vijikaratasi vya maelezo tu.

Je, mama kama huyo anaruhusiwa kubeba kitu? Zamani aliambiwa asibebe kitu kizito maisha yake yote. Mwaka 1996 Dkt. Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwatia wanawake 24 waliopona saratani ya matiti katika mashua ndefu ya makasia, nao wakapiga makasia bila yeyote kupata uvimbe mpya wa mkono. Mwaka 2009 ikatolewa taarifa ya Dkt. Kathryn Schmitz ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikwisha vimba. Walioinua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na vipindi vya kuzidiwa vilipungua. Kwetu sisi, ambako mwanamke analima na kuteka maji, habari hii ni kubwa. Asianze na ndoo ya lita 20. Aanze na chupa, kisha kidumu kidogo, huku akiutazama mkono. Ukivimba au ukiwa mwekundu na wa moto, arudi hospitali mara moja. Jeraha dogo la mkono huo, hata la mwiba, lisafishwe siku hiyo hiyo.

HURUMA INAYODHURU

Nilipotoka hospitali kila mtu alinionea huruma. Nyumbani nilivuliwa shati na kuvishwa. Ofisini faili lililokuwa hatua mbili kutoka kwangu lililetwa na mhudumu. Wageni walioniona nikihangaika kumimina chai waliirukia birika. Wote walinitakia mema. Lakini mkono uliofungwa katika mbeleko kwa miezi kwa sababu ya mapenzi ya jamaa hukakamaa sawasawa na mkono uliotelekezwa. Niliwaomba nyumbani waniache nifunge vifungo vyangu mwenyewe, hata ikinichukua robo saa, na mke wangu alinisimamia katika hilo kwa ukali kuliko mtaalamu.

Nisiwadanganye kwamba mkono umerudi kama ulivyokuwa. Kifuniko kilichokazwa sana sikifungui. Gunia sibebi. Bisibisi namwachia mwanangu. Lakini naandika, naendesha gari, nalima bustani yangu, na nala sinia moja na wazee wangu.

MAOMBI NA HOJA

Kwenu vijana. Uvimbe wowote unaokua, ulio ndani ya nyama, au uliozidi sentimita 5, upelekeni kwa daktari hata kama hauumi. Na iko saratani ya mfupa, ambayo ni adimu, lakini huwapata zaidi watu wa rika lenu, hasa karibu na goti na sehemu ya juu ya mkono. Maumivu ya mfupa yasiyokoma wiki baada ya wiki, yanayozidi usiku, msiyafiche kwa kuhofia kukosa nafasi katika timu.

Kwenu wenzangu. Wewe au mtu wako akipasuliwa, msitoke wodini kabla ya kuuliza: ni nani atakayetuonyesha mazoezi, tuanze lini, na tusifanye nini? Wataalamu wa mazoezi ya viungo tunao; KCMC pale Moshi wamefundishwa wengi. Ikiwa hospitali ya wilaya yenu haina mtaalamu, ombeni mazoezi yaandikwe, na ya kwanza myafanye mbele ya aliyeyaandika.

Sasa hoja yangu. Katika chumba kile cha mazoezi alikuja mama mmoja kutoka wilaya ya mbali. Alikuja mara mbili, alama zake ukutani zikapanda, kisha hakuonekana tena. Mtaalamu alipouliza, jibu lilikuwa nauli. Upasuaji alikwisha fanyiwa na mionzi alikwisha pigwa, na jambo lililobaki kati yake na mkono wake lilikuwa tiketi ya basi.

Alikuwako mwingine nchini Marekani, Terese Lasser, ambaye baada ya kupasuliwa namna ile ya Halsted alianza mwaka 1952 kuwatembelea wanawake wengine hospitalini, akiwaonyesha mazoezi na kuwapa mpira mdogo na kamba ya kufanyia. Kazi yake ilikua hata mwaka 1969 ikachukuliwa na Chama cha Saratani cha Marekani. Ilianza na mtu mmoja anayejua njia na vitu viwili vya bei rahisi.

Chama chetu kina Mfuko wa Kusaidiana. Tunajua namna unavyofanya kazi: mwenzetu akifiwa, rambirambi hufika kabla ya matanga kwisha, na hilo ni jambo la kujivunia. Naomba Mfuko huo huo uwe na fungu la nauli kwa mwanachama, au mke wake, au mzazi wake, anayetakiwa kurudi hospitali kwa mazoezi baada ya upasuaji, kwa muda wa miezi sita ya kwanza. Nimepiga hesabu na Mweka Hazina. Rambirambi moja tunayotoa sasa inatosha nauli ya mgonjwa mmoja kwenda na kurudi mara kumi na mbili, kutoka wilaya iliyo jirani na hospitali ya rufaa.

Mwenzetu akiwa katika mazoezi hayo, mtembeleeni. Na akisimama kuwamiminia chai, kaeni mngoje, hata ikimwagika.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii ya nauli iingizwe katika ajenda ya kikao cha mchana, nami niko tayari kuijibia maswali.